Namna ya kupanga bei ya huduma ya kidijitali inayosimama juu ya huduma za wengine

Mnunuzi yuko soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, viazi viko vijijini Isyonje au Mang'oto, lori la Fuso liko Uyole linasubiri mzigo. Mfumo unaowakutanisha watatu hawa kwa mteja ni kitu kimoja: anapiga msimbo (zile namba za nyota na reli), anachagua mzigo, analipa kianzio, anapata ujumbe. Ndani yake kuna menyu ya simu ya kampuni moja, ujumbe mfupi wa kampuni nyingine, malipo ya kampuni ya tatu, ramani ya nne, na kompyuta za kukodi ambazo hata hujui ziko nchi gani. Kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe anataka faida yake.

Mwongozo huu ni wa yule anayeunga vipande hivyo na kuviuza kama huduma moja. Mfano ni viazi mviringo vya Uporoto na Makete, lakini hesabu haibadiliki ukiuza parachichi za Rungwe na Njombe, mchele wa Mbarali au mbao za Mufindi. Bei zote za shilingi humu ni za mfano. Ukishaifahamu njia, ziondoe na uweke za mikataba yako.

Anza na kipimo, bei itafuata

Kosa linaloua huduma nyingi za aina hii linaanza kabla ya bei kutajwa. Vipande unavinunua kwa jaribio: kila mtu akifungua menyu unalipa, kila ujumbe ukitoka unalipa, kila umbali ukipimwa unalipa, hata kama mwisho wake hakuna viazi vilivyopakiwa. Lakini mteja anakulipa kwa kazi iliyokamilika tu. Tofauti ya vipimo hivi viwili haionekani kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote, na wewe peke yako ndiye unayeibeba.

Tuiangalie kwa karibu. Kwa mwezi watu 1,000 wanafungua menyu. Kati yao 240 wanaweka oda, 150 wanalipa kianzio cha sh 100,000, na oda 120 zinafika. Bei za vipande: kufungua menyu sh 25, ujumbe mfupi sh 20, kupokea malipo asilimia 1, kumrudishia mtu fedha sh 1,500, kupima umbali mara moja sh 12.

Anayepiga hesabu harakaharaka atafuata oda moja iliyonyooka. Menyu mara moja sh 25, ujumbe tano sh 100, kupokea kianzio sh 1,000, kulinganisha magari matatu sh 36. Jumla sh 1,161. Ataandika 1,161 kwenye mpango wa biashara na kulala usingizi.

Sasa hesabu mwezi mzima. Menyu hukatika katikati, mtu hupiga tena. Chukua wastani wa mara 1.6 kwa kila mtu, ni mara 1,600, sh 40,000. Oda 240 kwa ujumbe tano ni sh 24,000. Malipo 150 ni sh 150,000. Watu 30 waliolipa wasipate mzigo wanarudishiwa fedha: sh 45,000, na ile asilimia 1 ya kupokea hairudi. Ramani mara 720, magari matatu kwa kila oda, sh 8,640. Jumla sh 267,640. Gawa kwa oda 120 zilizofika: sh 2,230 kwa oda, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Hakuna aliyekuibia. Umelipia safari za watu 880 ambao hawakufika mwisho.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu mbili kwa kila kipande, "mara ngapi kiliitwa" na "oda ngapi zilifika". Bila safu ya pili, kila kipande kitaonekana rahisi.

Panga hatua kwa gharama ya kushindwa

Kabla hujaongeza bei, angalia mpangilio wa hatua. Kanuni yake: hatua ya bei ndogo na yenye uwezekano mkubwa wa kukwama ije mwanzo, hatua ghali na ngumu kuirudisha nyuma ije mwisho. Katika mfano wetu kianzio kinalipwa kabla dereva hajathibitisha. Dereva akisema gari limekwama kwenye tope la Kikondo, unarudisha fedha. Kila marejesho yanakugharimu sh 2,500: elfu moja ya kupokea na elfu moja mia tano ya kurudisha.

Geuza: dereva athibitishe kwanza kwa ujumbe wa sh 20, ndipo mnunuzi aombwe kianzio. Marejesho yakishuka kutoka 30 hadi 6 unaokoa sh 60,000 kwa mwezi, na gharama kwa oda inashuka kutoka 2,230 hadi 1,730. Bei haijaguswa na hakuna msambazaji aliyebembelezwa.

Hapa kuna mambo madogo yanayokula fedha kimyakimya, na ni bora kuyajua mapema.

La kwanza ni alama ya ng'. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Ukiingiza alama moja tu isiyokuwamo kwenye orodha ya herufi za msingi za simu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Angalia ujumbe huu:

Oda 4471: magunia 30 ya viazi, Mang'oto. Fuso inafika kesho saa 2 asubuhi. Kianzio sh 100,000 kimepokelewa. Dereva atakupigia. Usilipe nje ya mfumo.

Una herufi 148, unatosha kwenye ujumbe mmoja wa sh 20. Lakini aliyeuandika kwenye programu ya kuchapa kisha akaunakili, alama ya Mang'oto imejipinda yenyewe, na ile iliyopinda haimo kwenye orodha. Ujumbe uleule sasa ni vipande vitatu, sh 60. Kwa ujumbe 1,200 kwa mwezi, sh 24,000 zimekuwa 72,000 kwa sababu ya alama moja. Weka kichujio kinachonyoosha alama zote kabla ujumbe haujatoka, na kinachokataa vikaragosi. Lugha ya Kiswahili imejaa ng', kwa hiyo tatizo hili halitakuacha.

La pili ni saa. Mkulima akiandika "saa 2" ana maana ya asubuhi, jua limeshapanda. Programu iliyotengenezwa ng'ambo itasoma 02:00, na dereva atapigiwa saa nane usiku. Mpe mtu achague "asubuhi, mchana, jioni" kwanza, kisha saa kwa Kiswahili, na ubadilishe mwenyewe ndani. Kipande kinachohifadhi muda kishike saa za dunia (UTC, saa tatu nyuma ya zetu), lakini mteja asizione kamwe.

La tatu ni kubahatisha mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Mfumo unaoamua "hii ni ya mtandao fulani" kwa kuangalia 075 au 071 utaelekeza ombi la malipo kusikofaa, na ombi lililoshindwa nalo linaweza kukatwa ada. Muulize mteja, au tumia msambazaji anayeangalia namba ilipo leo.

La nne ndilo baya kuliko yote: malipo yaliyofanikiwa ambayo mfumo wako haukuambiwa. Fedha imetoka kwa mnunuzi, taarifa ya kurudi imepotea njiani, skrini yako inasema "bado". Usimwombe alipe tena. Kila ombi la malipo lipewe namba yake ya kipekee, na likirudiwa lirudiwe kwa namba ileile ili lisikatwe mara mbili. Baada ya dakika moja, uliza hali ya muamala. Uliza tena baada ya tano, na tena baada ya kumi na tano. Ikishindikana, oda iende kwa binadamu anayepokea simu. Kulinganisha kumbukumbu zako na za msambazaji wa malipo ni kazi ya kila siku, si ya mwisho wa mwezi. Kagua pia siku inakatwa saa ngapi: msambazaji anayefuata saa za dunia hufunga siku yake saa tisa usiku kwetu, na miamala ya kati ya saa sita na saa tisa itaonekana imepotea wakati ipo kwenye ukurasa wa jana.

Uhakika huzidishwa

Wasambazaji hujinadi kwa asilimia: menyu iko hewani asilimia 99, ujumbe 98, malipo 98, ramani 99.5, mfumo wa magari 97. Kila moja inapendeza ikisimama peke yake. Oda yako inazihitaji zote, kwa hiyo zizidishe: 0.99 × 0.98 × 0.98 × 0.995 × 0.97 ni 0.918. Katika oda 100, nane zitagonga mwamba mahali fulani, ingawa hakuna msambazaji hata mmoja aliyevunja ahadi.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila kipande huanguka kwa sababu zake. Nyanda za juu hazina tabia hiyo. Umeme ukikatika kwenye mnara unaohudumia bonde zima, menyu, ujumbe na malipo vinazimika pamoja. Kwa upande mmoja hii ni nafuu, maana mikosi mitatu imeangukia saa ileile badala ya kutawanyika. Kwa upande wa pili inaharibu akiba yako. Kuwa na wasambazaji wawili wa ujumbe hakukusaidii kitu kama wote wanapita mnara mmoja. Unapolipia kipande cha akiba, swali la kuuliza ni "kinapita wapi", kisha ndipo bei. Akiba bora kwa kijiji kilicho kwenye kivuli cha mlima mara nyingi si ya kidijitali: ni mtu wa kituo cha kukusanyia mwenye laini za mitandao miwili na daftari.

Kuhusu fidia, soma mkataba wa kila kipande uone anachorudisha anaposhindwa. Kwa kawaida ni ada ya kipande chenyewe. Ujumbe haukufika, unarudishiwa sh 20. Lakini kwa sababu ujumbe haukufika, Fuso imepanda kutoka Uyole hadi shambani na kurudi tupu, na mwenye gari anadai sh 40,000. Kubishana na kampuni ya ujumbe ilipe 40,000 ni kupoteza muda. Kwa sh 20 haiwezi kubeba hatari hiyo, na ingekubali ingepandisha bei kwa kila mtu. Hatari ni ya muungaji. Iandike kama gharama: magari matatu yakirudi tupu kwa mwezi ni sh 120,000, yaani sh 1,000 kwa kila oda kati ya 120. Gharama yako kwa oda sasa ni 1,730 jumlisha 1,000, sh 2,730. Fedha hiyo itengwe kila wiki, isichanganywe na matumizi.

Gharama za kudumu na msimu

Kwa mwezi: kodi ya msimbo wako mwenyewe sh 300,000, kompyuta za kukodi 180,000, taarifa za hali ya hewa 60,000, mtu wa kupokea simu 400,000. Jumla 940,000. Ukigawa kwa oda 120 ni sh 7,833, na watu wengi huishia hapo.

Usigawe kwa mwezi mzuri. Chukua mwaka: miezi mitano ya oda 180 na saba ya oda 60 ni oda 1,320. Gharama za kudumu kwa mwaka ni sh 11,280,000, sawa na 8,545 kwa oda. Ongeza 2,730: bei ya kurudisha gharama tu ni sh 11,275. Aliyepanga bei kwa kuangalia mwezi wa mavuno, kwamba oda 180 zinafanya gharama za kudumu ziwe 5,222, ataweka sh 8,500 akidhani anapata, na mwezi wa kiangazi utamkuta hana hata ya kodi ya msimbo.

Mambo mawili ya kuweka pembeni ya hesabu hii. Kompyuta za kukodi na ramani mara nyingi hulipwa kwa dola, lakini kanuni za Tanzania za 2025 zinakuzuia kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa mteja wa ndani. Hatari ya kubadilisha fedha ni yako, kwa hiyo acha nafasi. Na uulize kila msambazaji kama bei yake ina kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani. Kama hujasajiliwa VAT, kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, huidai popote. Kwa kiwango hicho, ujumbe wa sh 20 usio na VAT ndani ni sh 23.60.

Bei zikirundikana mteja anakimbia

Mwaka 1838 Mfaransa Augustin Cournot aliandika kuhusu shaba na zinki, ambazo huyeyushwa pamoja kupata shaba ya manjano. Alionyesha kwamba kama shaba yote ina mwenyewe mmoja na zinki yote ina mwenyewe mwingine, na kila mmoja anajipangia bei, mnunuzi wa mchanganyiko atalipa zaidi kuliko kama vyote vingekuwa na mwenyewe mmoja, na wenye mali wote wawili kwa pamoja watapata pungufu. Si kwa sababu ya ubaya wa mtu. Kila mmoja akipandisha bei anachuma faida yote ya kupandisha, lakini hasara ya wateja waliokimbia wanagawana.

Weka kwenye viazi. Tuseme huduma ikiwa bure oda zingekuwa 300 kwa mwezi, na kila sh 1,000 ya bei inapunguza oda 15, mpaka sh 20,000 ambapo hakuna anayepiga. Tuache gharama kwa muda. Mwenye huduma mmoja ataweka sh 10,000, atapata oda 150, sh 1,500,000. Ikigawanyika kwa wawili, mfumo wa oda na mfumo wa magari, kila mmoja akijipangia, kila mmoja ataishia karibu sh 6,667. Mteja analipa 13,333, oda zinabaki 100, na wote wawili kwa pamoja wanapata karibu 1,333,000. Wakiwa watatu ni sh 5,000 kila mmoja, mteja analipa 15,000, oda 75, jumla 1,125,000. Keki inapungua kila anapoongezeka mtu wa kuigawa.

Dawa ziko mbili zinazotekelezeka hapa kwetu. Moja ni mgawo: badala ya mfumo wa magari kutoza sh 6,667 kwa kila oda, mkubaliane bei moja kwa mteja na kila mmoja achukue asilimia ya kilichopatikana. Mwenye asilimia hana sababu ya kusukuma bei ipande peke yake. Ya pili ni kulipa kwa sehemu mbili: kodi ya mwezi isiyobadilika, kisha kila matumizi kwa gharama tupu. Hii inafaa kwa msambazaji mkubwa asiyetaka kusikia habari za mgawo.

Kwenye mgawo ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu vipande hivi vinahitajiana. Mwenye magari atasema bila mimi hakuna huduma. Mwenye malipo atasema hivyohivyo, na mwenye menyu pia. Wote wanasema kweli, na madai yao ukiyajumlisha yanafika asilimia mia tatu. Usigawe kwa "nani ni muhimu". Gawa kwa swali jingine: akiondoka leo, itachukua muda gani na fedha ngapi kumpata wa badala yake? Msambazaji wa ujumbe anabadilishwa kwa wiki moja. Mpe gharama yake na faida ndogo. Umoja wa wenye Fuso wanaojua barabara za Uporoto wakati wa masika, kwamba daraja gani limekwenda na kona gani haipitiki na tani saba, haupatikani tena kirahisi. Hao ndio wa kupewa mgawo mnono. Muungaji anayewabana wenye magari na kuwalegezea wenye programu kwa sababu wana mikataba yenye karatasi nzuri amekosea pa kubana.

Kwa kigezo hichohicho, kipande kisichobadilisha uamuzi wa mtu kiondolewe. Taarifa za hali ya hewa za sh 60,000 zijaribiwe: zizime wiki mbili, angalia kama oda zinapungua. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa watu wanausikia redioni, na kama gari litapita au halitapita anayejua ni dereva aliyepita jana.

Lumbesa ya kidijitali

Mkoa wowote unaouza viazi unajua lumbesa: bei ikiwa kwa gunia, gunia litavimba. Wakala wa Vipimo unapambana nayo kwa kuwa kipimo kisichofungwa humpa faida anayejaza. Huduma yako ina lumbesa yake. Ukitoza kwa oda, wanunuzi watatu wataungana kwenye oda moja ya magunia 90, utapata ada moja kwa kazi ya tatu. Ukitoza kwa gunia, magunia yatavimba. Ukitoza asilimia ya bei, wataandika bei ya uongo kwenye mfumo na kumalizana kwa taslimu shambani.

Kilicho salama zaidi ni kutoza kwa gari lililopakiwa, kwa daraja: pikapu, Kenta, Fuso. Gari linaonekana, halifichiki, na dereva hana sababu ya kudanganya kwa kuwa naye analipwa humohumo.

Tatizo kubwa kuliko lumbesa ni kurukwa. Oda ya kwanza mnunuzi na mkulima wanakutana kupitia kwako. Ya pili wana namba za simu. Kuficha namba hakufanyi kazi. Watapeana pale shambani wakati wa kupakia, na dalali wa zamani wa soko la Soweto, Mbeya, anakumbana na jambo hilohilo tangu kabla ya simu. Unachoweza kufanya ni kutoza utambulisho mara moja, kisha oda za marudio utoze kwa kile wasichoweza kujipatia wenyewe: kianzio kilichoshikwa mahali salama, gari la uhakika, na stakabadhi ya uzito.

Bei ya marudio ina dari. Mnunuzi anayetuma fedha moja kwa moja na kuliwa kianzio cha sh 100,000 mara moja katika safari 20 anapoteza wastani wa sh 5,000 kwa safari. Hiyo ndiyo thamani ya ulinzi wako kwake. Ukimtoza 6,000 atakuruka, na atakuwa sahihi. Kushika fedha za watu ni kazi yenye leseni ya Benki Kuu. Usiziweke kwenye laini yako ya simu, zishikwe na mtoa huduma ya malipo mwenye leseni, nawe utoe amri ya kuachia tu. Na majina, namba na mahali mashamba yalipo ni taarifa za watu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo kila kipande kipewe kile tu kinachohitaji. Mwenye ramani hahitaji jina la mkulima.

Nani alipe, mnunuzi au mkulima? Mkulima hana fedha kabla ya kuuza, na akiombwa ada mapema atamrudia dalali. Mtoze mnunuzi.

Sasa rudi kwenye bei, oda moja ikihesabiwa kuwa gari moja lililopakiwa. Oda mpya sh 14,000, ya marudio sh 5,000, zikiwa nusu kwa nusu wastani ni 9,500. Toa 2,730 inabaki 6,770. Gharama za kudumu za 11,280,000 zinahitaji oda 1,667 kwa mwaka, nawe una 1,320. Hapo ama upunguze gharama za kudumu au usianze. Ondoa hali ya hewa, sh 720,000 kwa mwaka. Acha msimbo wako wa sh 300,000 na uchukue tawi la msimbo wa pamoja kwa sh 80,000: unaokoa 2,640,000. Zimebaki 7,920,000, na oda zinazohitajika ni 1,170. Inasimama.

Msimbo wa pamoja una gharama yake ambayo italipwa baadaye. Namba hiyo ni ya aliyekukodishia. Siku akipandisha kodi, wakulima wako wote wanajua namba yake, si yako. Imeandikwa kwa rangi kwenye kuta za vituo vya kukusanyia kuanzia Isyonje hadi Makete. Kabla ya kusaini, weka vifungu vitatu: notisi ya kupandisha bei isiyopungua siku 90, haki ya kuchukua orodha ya wateja wako kwenye faili linalofunguka popote, na tawi lako kuendelea kusoma "tumehamia namba hii" kwa miezi sita baada ya kuondoka. Bei unayomwahidi mteja isidumu kuliko notisi hiyo. Ukihama, usihame wakati wa mavuno. Endesha misimbo yote miwili tangu mwanzo wa kupanda, na ule wa zamani uuzime pale tu kinachopatikana kwa wanaoupiga kinapokuwa kidogo kuliko gharama ya kuulipia.